Picha Inayochorwa na Mfumo Isipoonekana: Namna ya Kulitafuta Kosa

Mfumo wa wavuti unapochora picha papo hapo, iwe ni cheti chenye jina la mhitimu, kitambulisho cha mwanafunzi, alama ya QR ya risiti au grafu ya mauzo ya mwezi, karibu kila kosa litakalotokea katika uchoraji huo litamfikia mtumiaji kwa sura ileile: kijialama cha picha iliyovunjika. Sababu ni kwamba kivinjari kilichoagizwa na lebo ya `<img>` kulete picha hakina mahali pa kuonyesha maandishi. Kikipokea ujumbe wa kosa badala ya picha, huutupa kimyakimya, hata kama ujumbe huo ulikuwa umetaja jina la faili na namba ya mstari wenye tatizo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuona hasa kile ambacho seva ilituma, na msimbo usiguswe kabla ya hapo.

Nitatumia mfano mmoja kwa sehemu kubwa ya mwongozo huu, yaani skripti ya PHP iitwayo `cheti.php`, inayopokea namba ya mhitimu, kuchukua picha ya mandhari ya cheti, kuandika jina juu yake kwa GD, maktaba ya PHP ya kuchora picha, na kutuma PNG. Watumiaji wa Python watakuta yanayowahusu njiani.

Soma jibu la seva kwanza

Chukua anwani iliyomo ndani ya `src` uifungue peke yake katika kichupo kipya cha kivinjari kilekile ambacho umeingia nacho kwenye mfumo. Picha ikionekana vizuri huko, skripti haina kosa na tatizo limo kwenye ukurasa unaoiita: huenda anwani ya `src` ni ya jamaa na sasa ukurasa umehamia folda nyingine, au ukurasa ni wa `https` ilhali picha inaitwa kwa `http`. Ukiletewa ukurasa wa kuingia kwa nenosiri, ombi la picha halikubeba kidakuzi cha sesheni (alama inayomtambulisha aliyeingia), au sesheni imekwisha, na seva ikaelekeza ombi kwingine kama ifanyavyo kwa mgeni yeyote. Hili ndilo linalotokea pia picha hiyohiyo inapowekwa ndani ya barua pepe au inapotarajiwa kuonekana kama kionjo cha kiungo kwenye WhatsApp, kwa kuwa anayekuja kuichukua huko si kivinjari cha mtumiaji na wala hana kidakuzi chake.

Ukiona skrini imejaa herufi za ajabu zenye neno `PNG` mwanzoni, usihuzunike, kwani hiyo ni habari njema: picha ipo na kinachokosekana ni heda (maelezo yanayotangulia mwili wa jibu) ya `Content-Type: image/png` peke yake. Vivinjari vingi huisamehe kasoro hiyo ndani ya `<img>` kwa kukagua baiti zenyewe, na ndiyo maana inaweza kuishi kwenye mfumo miaka mingi bila kugunduliwa. Kinyume chake ni pale Firefox inapokuambia kwamba picha haiwezi kuonyeshwa kwa sababu ina makosa, au Chrome inapokuonyesha kijialama kilekile cha mwanzo. Maana yake heda imesema ni picha lakini mwili wa jibu si picha, au ni picha iliyochanganyika na kitu kingine.

Hapo ndipo terminali inapohitajika. Fungua zana za wasanidi kwa F12, nenda sehemu ya Network, bofya ombi la picha kwa kitufe cha kulia na unakili kama amri ya cURL ili vidakuzi vije pamoja nayo. Ibandike kwenye terminali, kisha uiongezee sehemu ya kuhifadhi heda na mwili kwenye mafaili mawili tofauti:

`curl -sS -D heda.txt -o picha.png 'https://mfumo.example/cheti.php?id=418'`

Usitumie `curl -I` kwa kazi hii, kwa kuwa hutuma ombi la aina ya HEAD, linaloomba heda tu, na skripti nyingi huliitikia tofauti na ombi la kawaida. Baada ya hapo agiza `file picha.png`, ambayo itakuambia kama ulichopokea ni PNG, JPEG, maandishi ya HTML au faili tupu, kisha agiza `head -c 16 picha.png | xxd` ili kuziona baiti 16 za mwanzo. PNG nzima huanza hivi daima:

`8950 4e47 0d0a 1a0a 0000 000d 4948 4452`

JPEG huanza na `ffd8 ff`, na GIF huanza na herufi `GIF87a` au `GIF89a`. Ukizifahamu hizi tatu, nusu ya makosa yote ya picha utayatambua kwa kutupa jicho.

Baiti zinasema nini

Tuseme badala ya mstari ule wa juu umepata `0a89 504e 470d 0a1a`. Picha yako ni nzima kabisa, ila imetanguliwa na baiti moja, `0a`, ambayo ni mstari mpya. Kuna faili la PHP lililoitwa kwa `require` ambalo lina mstari mtupu kabla ya `<?php` au mistari ya ziada baada ya `?>`, na PHP hutoa kwa uaminifu kila kilicho nje ya alama hizo. PHP husamehe mstari mpya mmoja unaofuata `?>` mara moja, lakini wa pili haisamehe. Dawa ni kutoiandika kabisa alama ya `?>` mwishoni mwa mafaili yasiyo na kitu kingine ila PHP.

Ukipata `efbb bf89 504e 470d`, baiti tatu za mwanzo ni BOM ya UTF-8, alama isiyoonekana inayotaja usimbaji wa faili, ambayo programu za kuandikia za Windows, hasa za zamani, huibandika mwanzoni mwa faili bila kumwonyesha mwandishi. Unaweza kufungua faili hilo mara mia kwenye kihariri usione lolote. Kwenye seva ya Linux yenye Bash, amri `grep -rl $'\xEF\xBB\xBF' .` itaorodhesha mafaili yote yenye alama hiyo ndani ya mradi.

Ukipata `3c62 7220 2f3e 0a3c 623e 5761 726e 696e`, soma safu ya kulia ya `xxd` na utaona maneno `<br />.<b>Warnin`. Hilo ni onyo la PHP lililochapwa ndani ya picha. Fungua faili zima kwa `less` nawe utalisoma onyo lote, pamoja na faili na mstari ulikotokea. Mara nyingi onyo lenyewe ni la jambo dogo lisilohusiana na uchoraji, kama kigezo ambacho hakikupewa thamani, lakini udogo wake haulisaidii kitu: herufi moja tu mbele ya `89` inatosha kuivunja picha.

Na ukipata `8950 4e47 0a1a 0a`, yaani baiti ya `0d` imetoweka, acha kuitafuta kwenye skripti. Waliobuni PNG waliweka mpangilio wa `0d0a` humo makusudi ili faili lililopitishwa kwenye njia inayogeuza miisho ya mistari lijitangaze kuwa limeharibika. Anayesababisha kwa kawaida ni programu ya FTP iliyopakia picha kwa hali ya maandishi badala ya hali ya baiti. Ipakie upya.

Kwa makosa haya ya uchafu unaotangulia picha, napendelea kuiandaa skripti ijilinde yenyewe, tena iseme ilichokiona, kuliko kusafisha faili mojamoja na kungoja mwenzako aingize jingine wiki ijayo:

```
<?php
ob_start();
require __DIR__ . '/maandalizi.php';
$picha = chora_cheti((int) $_GET['id']);
$uchafu = ob_get_clean();
if ($uchafu !== '') {
    error_log('cheti.php: ' . bin2hex(substr($uchafu, 0, 64)));
}
header('Content-Type: image/png');
imagepng($picha);
```

Kinga hii haiwezi kuikamata BOM iliyo katika `cheti.php` yenyewe, kwa sababu hiyo hutoka kabla ya `ob_start()` kufikiwa. Hapo logi itakuonyesha kauli maarufu ya `headers already sent`, isipokuwa pale mpangilio wa `output_buffering` unapokuwa umewashwa kwenye `php.ini`. Tofauti ya mpangilio huo mmoja ndiyo inayofanya onyo hilo lionekane kwenye seva na lisionekane kwenye kompyuta ya msanidi, ingawa picha imevunjika pande zote mbili.

Kama kilichokuja ni kosa la 500, 502 au 404

Jibu la 500 lenye mwili mtupu ni dalili kwamba PHP imekufa katikati ya kazi na imekatazwa kuonyesha makosa kwa mtumiaji, jambo ambalo ni sahihi kwenye seva ya kazi. Fungua logi kwa `tail -f /var/log/apache2/error.log`, au logi ya seva ya Nginx na ya PHP-FPM inayoiendeshea PHP ikiwa ndizo unazotumia, kisha ita picha tena huku ukiitazama.

Ukikuta `Call to undefined function imagecreatetruecolor()`, GD haijawekwa. Kwenye Debian na Ubuntu huwekwa kwa `apt install php-gd` na kufuatiwa na kuwasha upya PHP-FPM au Apache. Ukikuta kosa la namna hiyo linataja `imagettftext()` peke yake, GD ipo lakini ilijengwa bila FreeType, maktaba ya kuchora fonti. Hili huwapata sana wanaotumia taswira rasmi ya PHP ya Docker, ambao huagiza `docker-php-ext-install gd` bila kutanguliza `docker-php-ext-configure gd --with-freetype --with-jpeg`. Kumbuka pia kwamba PHP ya terminali na PHP ya seva ya wavuti zinaweza kuwa na mipangilio tofauti, kwa hiyo `php -m` ikikuonyesha GD bado hujathibitisha lolote kuhusu wavuti.

Kosa la kumbukumbu linastahili kupigiwa hesabu. Kauli ya logi huwa `Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted`, ambayo ni kikomo cha kawaida cha PHP cha megabaiti 128. Watu hushangaa kwa kuwa faili la mandhari lina megabaiti mbili tu kwenye diski, lakini ukubwa wa faili hauna uzito hapa: GD huifungua picha yote na kutumia baiti 4 kwa kila pikseli. Karatasi ya A4 iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi ina pikseli 2480 kwa 3508, ambazo ni takriban baiti milioni 35 zikifunguliwa, na hizo zinavumilika. Karatasi hiyohiyo ikiskaniwa kwa nukta 600 inakuwa na pikseli 4960 kwa 7016, na ukizizidisha kwa 4 unapata baiti 139,197,440, yaani umeshapita kikomo kabla hujaandika hata herufi moja ya jina. Wengi hukimbilia kuongeza `memory_limit`, nami naona hilo ni kuahirisha tatizo, kwa sababu wahitimu ishirini wakipakua vyeti kwa pamoja ndipo seva itakapolemewa kweli. Punguza mandhari mara moja hadi ukubwa utakaotumika na uhifadhi nakala hiyo ndogo.

Kuna mtego mwingine hapo. Kikomo cha `memory_limit` huhesabu matumizi ya GD pale PHP inapotumia GD iliyofungashwa pamoja nayo. Pale inapotumia maktaba ya GD ya mfumo, kama ilivyo kwenye Debian, kumbukumbu ya picha haihesabiwi, na picha kubwa mno itaendelea kula RAM mpaka Linux iuue mchakato. Nginx itajibu 502 na logi ya PHP haitakuwa na ile kauli ya kumbukumbu, ila `dmesg`, amri inayoonyesha logi ya kiini cha Linux, itaonyesha nani aliuawa.

Jibu la 404 kwa anwani ambayo una hakika ipo hutokana mara nyingi na mpangilio wa Nginx kama `location ~* \.(png|jpg)$`, uliowekwa ili picha za kawaida zihifadhiwe muda mrefu kwenye kivinjari. Mfumo wako ukitoa vyeti kwa anwani yenye sura ya `/vyeti/418.png`, Nginx itaitafuta picha hiyo kwenye diski na kukata tamaa bila kuiuliza PHP. Ongeza ndani ya kipengele hicho `try_files $uri /index.php$is_args$args;` na ombi litafika panapostahili.

Picha inaonekana, lakini si sahihi

Jina lisipoonekana kabisa juu ya cheti, kagua fonti na mahali. Fonti iandikiwe njia kamili, kwa mfano `__DIR__ . '/fonti/Cheti.ttf'`, na herufi kubwa na ndogo zifuatwe kama zilivyo, maana Windows haizitofautishi ilhali Linux huzitofautisha. Kuhusu mahali, `imagettftext()` huhesabu y hadi mstari wa chini wa herufi, si hadi juu yake, hivyo jina lililoandikwa kwenye y ya 0 huwa limechorwa nje ya ukingo wa juu. Kwa majina marefu ya maneno matatu au manne, pima upana kwanza kwa `imagettfbbox()` na upunguze ukubwa wa herufi hatua kwa hatua mpaka jina litoshe. Usilikate jina la mtu.

Jina la mahali kama Ng’ambo likitokea kuwa `Ngâ€™ambo`, fonti haina hatia: ile alama ya ritifaa iliyopinda imesomwa kwa usimbaji usio wake, na pa kurekebisha ni muunganisho wa hifadhidata, ambao kwenye MySQL unapaswa kuwa `utf8mb4`. Visanduku vitupu mahali pa herufi ndivyo vinavyomaanisha kwamba fonti haina herufi hizo. Wanaotoa vyeti vyenye majina kwa hati ya Kiarabu, kama ilivyo kawaida kwa madrasa, watakuta GD mara nyingi inaziandika herufi zikiwa zimetengana na kwa mpangilio uliogeuka. Kwa kazi hiyo ni afadhali maktaba ya picha ya Pillow ya Python iliyowekwa pamoja na Raqm, ambayo huunganisha herufi inavyotakiwa.

Tarehe nayo huleta malalamiko. Seva nyingi hufuata saa ya UTC, ilhali Afrika Mashariki iko saa tatu mbele, kwa hiyo risiti inayotolewa saa saba usiku huchapwa tarehe ya jana. Weka `date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam')`, au `Africa/Nairobi`, mwanzoni mwa maandalizi.

Picha za pasipoti zilizopigwa kwa simu hulala ubavu kwa sababu simu huhifadhi picha kama ilivyopigwa na kuandika mwelekeo wake kwenye taarifa za Exif, ambazo GD haizifuati. Zisome kwa `exif_read_data()`, na kwa kuwa `imagerotate()` huzungusha kinyume cha saa, mwelekeo wa 6 unahitaji -90, wa 8 unahitaji 90 na wa 3 unahitaji 180. Nembo iliyokuwa na sehemu za uwazi ikizungukwa na weusi, ama umeihifadhi kama JPEG, ambayo haina uwazi, ama umesahau `imagealphablending($picha, false)` na `imagesavealpha($picha, true)`. Pillow huwa wazi zaidi hapa, kwani hukataa kwa kauli ya `cannot write mode RGBA as JPEG`, na jibu lake ni `convert('RGB')`. Alama ya QR isiyosomeka ichorwe kama PNG, ikuzwe kwa namba kamili tu, mara 4 au mara 8, na iachiwe ukingo mweupe wa angalau miraba 4 kila upande.

Kwa upande wa Python, jibu lisilo na picha ndani yake husababishwa sana na `BytesIO` (faili lililo kwenye kumbukumbu) ambayo imeandikwa hadi mwisho na kutumwa bila `seek(0)`, hivyo msomaji anaanza kusoma pale palipoishia. Wachoraji wa grafu kwa Matplotlib waagize `matplotlib.use('Agg')` kwenye seva isiyo na skrini, na wafunge kila grafu kwa `plt.close(fig)`, la sivyo kumbukumbu itajaa taratibu hadi seva ianguke siku ambayo hakuna aliyebadilisha kitu.

Inachelewa, au inaonyesha ya zamani

Ukurasa wenye vitambulisho thelathini ambavyo vinajitokeza kimoja baada ya kingine hauna uchoraji wa polepole. PHP hulifunga faili la sesheni kwa kila ombi, hivyo maombi yote ya mtumiaji mmoja hupanga foleni hata kama seva ina nafasi tele. Ita `session_write_close()` mara baada ya kuhakikisha aliyeomba ana ruhusa, au fungua sesheni kwa `session_start(['read_and_close' => true])`, na picha zitachorwa kwa pamoja.

Jina lililosahihishwa kwenye hifadhidata lakini likabaki la zamani kwenye cheti linatoka kwenye kache, yaani nakala iliyohifadhiwa. Kumwagiza kila mtumiaji afute kache ya kivinjari chake si suluhisho la kumpa mtu. Ambatanisha kwenye anwani muda wa badiliko la mwisho la rekodi, kwa mfano `cheti.php?id=418&v=1718000000`, na kila badiliko litazaa anwani mpya. Kwa picha zenye taarifa za mtu binafsi tuma `Cache-Control: private, no-store`, na uwe makini zaidi mfumo ukiwa nyuma ya Cloudflare, huduma ya kache inayokaa kati ya seva na mtumiaji, ambayo kwa kawaida huamua cha kuhifadhi kwa kutazama kiambishi cha anwani. Cheti kinachotoka kwenye anwani inayoishia na `.png` bila heda hiyo kinaweza kuhifadhiwa huko na kupewa mtu mwingine.

Mwisho, wengi huweka picha ya akiba yenye maneno kama “Picha haipatikani” ili ukurasa usiharibike uchoraji unaposhindwa. Ni adabu nzuri kwa mtumiaji, mradi kosa lenyewe liandikwe kwenye logi na picha hiyo itumwe kwa jibu la 500 au 503 pamoja na `no-store`, kwa sababu ikitumwa kwa 200 kache zote za njiani zitaihifadhi kama cheti halali na kuendelea kuionyesha hata baada ya wewe kumaliza kurekebisha.